Nilivyobeba Usingizi wa Mamdogo Zainabu

Utotoni mwangu, pale Malindi karibu na soko la zamani, hapakuwa na aliyeniita kwa jina langu. Waliniita Redio. Bibi yangu ndiye aliyeanza. Alinituma chumvi kwa jirani, nikarudi na chumvi, na ugomvi wa jirani na mumewe, na jina la bwana mmoja aliyeonekana akitoka nyumba asiyopaswa kutoka. Bibi akaipokea chumvi, akavuta kigoda, akasikiliza mpaka mwisho, halafu ndipo akanikemea. Sasa mimi mwenyewe ni bibi wa wajukuu, magoti yananiuma, na hilo nalielewa vizuri sana. Mtu husikiliza kwanza. Kukemea kunaweza kungoja.

Lakini iko siku Redio ilizimwa, na ndiyo ninayotaka kuiandika kabla sijaisahau. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, mimi niko darasa la nne, ambalo ndilo lililokuwa darasa langu la mwisho, lakini hayo ni mengine.

Mamdogo Zainabu, mdogo wake mamangu, alikuwa ameolewa Barani, mtaa wa pembeni mwa mji. Mumewe, Athmani, alikuwa fundi muashi na wakati huo alikuwa Mtwapa akijenga majumba ya watu, akirudi mwisho wa mwezi na mkate wa mayai. Basi siku moja Zainabu akaja kwetu na kisanduku cha nguo. Watu wakaambiwa amekuja kumuuguza Bibi mguu. Bibi naye akawa anachechemea kila apitapo mgeni, leo mguu wa kulia, kesho wa kushoto, kwa kuwa hakuwa na kumbukumbu nzuri ya uongo.

Ukweli ni kwamba Zainabu alikuwa na mimba, na ilikuwa ya pili. Ile ya kwanza ilitangazwa mapema mno. Wanawake walimiminika kupongeza, mmoja akampapasa tumbo, na haikupita wiki ikatoka. Bibi alisema ni jicho, wala hakuna mtu mtaani aliyesema si jicho. Kwa hiyo safari hii asijue mtu, mpaka tumbo lijionyeshe lenyewe. Na zaidi ya watu wote duniani asijue Bi Salma, mkwewe Zainabu, mama yake Athmani.

Bi Salma huyo mnamjua hata kama hamkumwona. Mwanamke mrefu, buibui limepigwa pasi, anayekaa barazani kwake Barani akihesabu wapitao. Kila mwezi alikuwa akimuuliza Zainabu, mbele za watu, "Bado?" Neno moja tu. Mimi nilikuwa redio ya betri mbili. Bi Salma alikuwa ya betri sita, na sauti aliifungua mpaka mwisho. Tena uvumi ulikuwa umeshazagaa kwamba Zainabu amekimbia ndoa, na kwamba Bi Salma ameanza kuulizia binti wa watu Mambrui, amposee Athmani.

Basi huyu mamdogo yangu akawa halali wala hali. Akilala chali, kiungulia kinapanda mpaka kooni. Akilala ubavu, tumbo limejaa kama ngoma. Kliniki ya wajawazito walimpa vidonge vya damu, vikamfunga choo, akawa anakaa chooni mpaka Bibi anagonga mlango. Nesi alimwambia mtoto ni mzima, ila mama asipolala wala kula hali itaharibika. Hilo kila mtu alilijua. Uji alikuwa akiuonja kama anayeonja dawa ya panya.

Lakini mimi nililala naye chumba kimoja, na nilijua jambo ambalo nesi hakulijua. Mchana mmoja nilimkuta amekaa kitandani, macho yanafumba, akajifinya mkono.

"Mamdogo, mbona unajifinya?"

"Nisilale."

"Lakini Bibi kasema ulale."

Akajifinya tena. "Ile ya kwanza ilitoka nimelala, Redio. Nililala nayo, nikaamka sinayo. Sasa nani atakaa macho nikilala?" Halafu akakumbuka anazungumza na nani. "Na hilo usiende nalo mahali."

Sikwenda nalo mahali. Watu hudhani mmbea hana siri. Mmbea ndiye mwenye siri nyingi kuliko wote, maana ni lazima achague.

Aliyekuja na habari ya dawa alikuwa Hawe Dama. Kwa Wagiriama hawe ni bibi, na huyu alikuwa bibi kweli, kikongwe mwembamba aliyeishi shambani nyuma ya Barani, akituletea mchicha na nazi tangu kabla sijazaliwa. Alimwona Zainabu uani akiwa ameegemea ukuta, akashusha kikapu.

"Huyu halali," akasema.

Bibi akaanza kuchechemea. "Ni uchovu wa kuniuguza."

"Rukia, keti. Mguu wako ule ulikuwa mwingine juzi." Akamtazama Zainabu kutoka kichwani mpaka miguuni. "Miezi mingapi?"

Basi ikabidi aambiwe. Bibi akamuuliza kama hana mizizi ya kumchemshia. Hawe Dama akatikisa kichwa. "Mwenye mimba simnyweshi mizizi. Sijawahi, sitaanza leo. Huyu nitampa kivumbasi. Cha kuogea na cha kulalia. Tumboni mwake kiingie chakula tu."

Kivumbasi sote tulikijua, kile kijani chenye harufu kali kinachoota ovyo kando ya njia. Bibi alisema kama ni hicho, mbona kipo nyuma ya choo. Hawe Dama akacheka mpaka akashika mbavu. Hicho cha nyuma ya choo, alisema, ni cha kufukuzia mbu. Cha usingizi hukatwa alfajiri kabla umande haujakauka, hufungwa kwa utepe uliochanwa katika kanga ya mgonjwa mwenyewe, na hubebwa na mtoto wa kike ambaye hajavunja ungo. Mtu mwingine yeyote huchukua dawa yake kwa mkono wake. Mwenye mimba tu ndiye huchukuliwa dawa na mtoto. Na mtoto huyo hubana jani moja la dawa midomoni, hasemi, haitiki, hamwamkii mtu, mpaka mzigo ufike mkononi mwa mwenyewe.

"Akisema?" Bibi akauliza.

"Akisema, dawa inalala njiani. Ikishalala yenyewe, mgonjwa anabaki macho."

Nyumba yetu ilikuwa na mtoto wa kike mmoja tu ambaye hajavunja ungo. Wanawake watatu wakageuka wakanitazama.

"Ndio huyu?" akauliza Hawe Dama, aliyenijua tangu nikiwa kwenye mbeleko.

"Ndio huyu," akasema Bibi, kama anayekiri msiba.

"Basi dawa imeshalala."

Mimi nilikasirika sana. Nikasema naweza, tena nikasema kwa maneno mengi, na kadiri nilivyosema ndivyo walivyozidi kucheka. Zainabu pekee hakucheka. Alivua kanga yake kiunoni, ya kijani yenye maua ya korosho, akachana utepe pembeni, akanipa. "Ataweza," akasema. Nimeambiwa mengi mazuri maishani, hata na wanaume, lakini hilo bado lina nafasi yake.

Jioni ile niliondoka na Hawe Dama, nikalala kwake. Alfajiri akaniamsha, tukaenda kwenye mpaka wa shamba lake palipoota kivumbasi kirefu kunifika kifuani. Akanyunyiza unga wa mahindi kidogo shinani, akakiambia kwa Kigiriama kwamba anakuja kukiomba na si kukiiba, akataja jina la Zainabu. Akakata, akafunga fungu zuri kwa ule utepe wa korosho, akaniwekea kifuani, halafu akachuma jani moja akanibana nalo midomoni.

Nataka mjue lile jani lilikuwa chungu. Mate yanajaa, huwezi kumeza vizuri, huwezi kutema. Pua inawasha. Na maneno, sijui kama mmewahi kuyazuia maneno, yanakuja juu kama kile kiungulia cha Zainabu.

Njia ya kutoka kwa Hawe Dama haikuwa na pengine pa kupitia ila Barani. Hapo ndipo wazee wale wawili walipokosea, kwa akili zao zote. Walifikiria umande, walifikiria kanga, walifikiria ungo wangu, lakini hawakufikiria njia.

Wa kwanza kuniona alikuwa muuza mihogo ya kukaanga aliyekuwa akiwasha jiko lake. Kila siku tulikuwa tukibadilishana habari, mimi nikimpa za sokoni naye akinipa kipande kilichovunjika.

"Redio, vipi za huko?"

Nikapita.

"Redio? Betri zimekwisha?" Akawaita wenzake. "Njooni muone, Redio imekufa. Leo mvua itanyesha."

Wakacheka, mmoja akanifuata akitingisha kichwa changu kama anavyotingisha redio mbovu. Machozi yakanilengalenga. Halafu nikapita kwenye bomba la maji, na pale, wallahi, mabinti wawili walikuwa wakisimuliana habari ya harusi iliyovunjika jana yake, bwana harusi kaonekana na shemeji. Na mimi nilikuwa namjua huyo shemeji. Nilikuwa na kipande cha habari ile ambacho wao hawakuwa nacho. Nikasimama. Jani likatetemeka. Nikamkumbuka Zainabu anavyojifinya mkono, nikaondoka, na mpaka leo kipande kile sijakitoa, maana wenyewe wameshakufa na hakina utamu tena.

Kisha nikafika mbele ya baraza ya Bi Salma.

Alikuwa ameshakaa, kikombe cha kahawa mkononi. Nyinyi mliokulia siku hizi hamjui maana yake mtoto wa Malindi kumpita mzee bila shikamoo. Lilikuwa kosa la kupelekewa fimbo mpaka kwenu, na fimbo ikishakwisha, kwenu wanaomba radhi. Na huyu hakuwa mzee yeyote tu. Nikainamisha kichwa nikapita upesi.

"We mtoto."

Nikaongeza mwendo.

"We mjukuu wa Rukia, mimi ni mti hapa?"

Akashuka barazani. Sikuwahi kumwona Bi Salma akishuka kwa ajili ya mtu. Akanishika sikio, akanigeuza. "Kwenu siku hizi hamfunzwi kuamkia? Au Zainabu kawaambia kwamba mimi si mtu wa kuamkiwa? Sema. Yuko wapi? Karudi kwa mumewe au bado anakanda mguu wa mamake? Mguu gani huo usiopona?"

Sikio likawaka moto. Mimi nikabana midomo nikamtazama tu, machozi yananitiririka mpaka kwenye jani.

Ndipo akaliona jani. Macho yake yakashuka kwenye fungu, yakatulia kwenye ule utepe. Kanga ile ya maua ya korosho aliinunua yeye mwenyewe, akamtunza nayo Zainabu siku ya harusi, mbele ya watu, na akasema bei yake kwa sauti. Na Bi Salma, ingawa alijifanya mtu wa mjini mtupu, mama yake alitoka mashambani kule nyuma ya Mambrui. Habari ya jani hakuhitaji kufundishwa na mtu.

Mkono wake ukatoka sikioni mwangu polepole. Akafungua kinywa. Nikangoja sauti ya betri sita. Akakifunga. Akaniweka sawa mtandio kichwani, akanielekeza njia kwa kidole, nenda.

Nilifika kwetu mbio. Zainabu alikuwa uani. Nikamtia fungu mkononi, nikalitema jani, na maneno yakatoka yote kwa pamoja, muuza mihogo na betri na bomba na Bi Salma na sikio na kanga. Bibi alipokea habari ile akiwa amesimama. Ilipofika kwenye kanga, alikaa.

"Kajua," akasema. "Ewe Mola, kajua. Ikifika adhuhuri Malindi nzima itakuwa mlangoni."

Hakunilaumu, maana sikuwa nimesema kitu. Nilifanya kila nilichoambiwa. Mimi ningepita pale nikipiga domo kama kawaida yangu, Bi Salma asingeinua hata kichwa. Kunyamaza kwangu ndiko kulikonguruma.

Hata hivyo walimwogesha Zainabu kwa maji ya kivumbasi, wakatandika majani chini ya shuka, chumba kikanukia kama asubuhi ya shambani. Akajilaza. Lakini kila hatua ikipita nje anainuka. Kila mlango ukigongwa nyumba ya pili anashika tumbo. Uji umepoa pembeni. Adhuhuri ikapita, asitokee mtu. Bibi akazidi kuogopa, maana habari inayochelewa huwa inapakwa viungo njiani.

Baada ya alasiri mlango ukafunguliwa bila hodi. Bi Salma.

Alisimama kizingitini, buibui limepigwa pasi, na tumbo limechomoza mbele. Midomoni mwake, hamtaamini, palikuwa na jani la kivumbasi. Hilo bila shaka lilikuwa la kando ya choo chake, la kufukuzia mbu, lakini lilikuwa jani. Bibi akamwambia karibu, hakuitika. Akamwambia za huko, hakuitika. Akapita moja kwa moja mpaka chumbani, akafika kitandani, akaingiza mikono ndani ya buibui akatoa papai bivu kubwa, na kopo la maji ya ukwaju lililofunikwa kwa kitambaa, akavitia mikononi mwa Zainabu. Ndipo akalitoa jani.

"Sasa," akasema, "asalaam aleikum."

Bibi alisahau hata kuchechemea.

"Nimepita Barani yote na mjini kote sikumwamkia mtu. Muuza mihogo kaniuliza kama na mimi betri zimekwisha, mshenzi yule, nitamrudia kesho. Imamu kanipa salamu nimempita kama gogo. Msinitazame hivyo. Najua mtoto ndiye hubeba. Mimi sina mtoto wa kike wa kutuma, na ungo nilivunja zamani. Nimebeba hivyo hivyo." Akamgeukia Zainabu. "Papai ule sasa hivi. Ukwaju unywe kidogo kidogo, ndio ulionifungua mimi tumbo nilipokuwa na Athmani. Wewe unadhani mimi nilimzaa Athmani bila kiungulia?"

Zainabu akaanza kulia. "Mama, sikutaka kukuficha. Niliogopa."

"Uliogopa nini, mimi?"

Zainabu akainamisha uso juu ya papai. Bi Salma akakaa kando ya kitanda, urefu wake wote ukawa kama umekunjwa.

"Nimezika watoto wawili kabla ya Athmani," akasema. "Nilipokuwa nakuuliza bado, nilikuwa najiuliza mwenyewe. Mdomo wangu ni mbaya, najua. Leo nimejaribu kuufunga nikaona kazi yake."

Hapo mimi, niliyekuwa nimejibanza nyuma ya mlango, nikatoa ile siri niliyoibeba. Niliichagua, na nikamchagua wa kumpa. Nikasema, "Mamdogo hataki kulala kwa sababu ile ya kwanza ilitoka amelala. Anataka mtu akae macho."

Bibi akanikodolea macho. Zainabu akageuzia uso ukutani. Bi Salma akavua buibui, akalikunja vizuri, akachukua kipepeo cha ukindu kilichokuwa juu ya kiti.

"Kula papai," akasema. "Ukimaliza, lala. Mimi nitakaa macho. Mtu yeyote anayetaka kitu humu ndani atapita kwangu kwanza, awe jini au jirani."

Zainabu alikula nusu ya papai. Akajilaza kwenye majani yale, mkwewe anampepea. Nilimwona akipambana, macho yanafumba, yanafumbuka, yanamkuta Bi Salma pale pale ameketi wima kama yuko barazani, yanafumba tena. Kisha yakabaki yamefumba. Tulisikia pumzi yake ikishuka. Bibi naye akasinzia ukumbini, mguu wake mgonjwa umenyooshwa, wote wawili. Magharibi ikaadhiniwa, hakuna aliyethubutu kumwamsha.

Bi Salma akaninong'oneza, "We Redio. Shikamoo yangu ya asubuhi iko wapi?"

Nikanong'ona shikamoo. "Marahaba," akanong'ona. "Kesho upite unipe nyingine, hii ina majani."

Alikuja kila siku mpaka Zainabu alipojifungua, mtoto wa kike, mnene, mwenye sauti. Muda wote ule hakusema kwa mtu, ingawa watu wa Barani walikuwa wamemwona akipita na lile tumbo la papai, na wapo waliosema mpaka anakufa kwamba Bi Salma alishika mimba uzeeni. Aliwaacha waseme. Alisema bora wamtazame tumbo yeye kuliko Zainabu.

Watu wameniuliza, ni nini kilichomlaza. Wengine wanasema kivumbasi, harufu yake inatuliza, na mimi sibishi. Wengine wanasema ni tumbo kufunguka kwa papai na ukwaju, na hilo nalo ni kweli, alikwenda chooni kesho yake akarudi anatabasamu. Mimi nadhani lile jani la midomoni halikuwekwa kwa ajili ya dawa. Nadhani wale wa kale walijua kwamba mwanamke mwenye mimba amezungukwa na maneno, na mtu akimpenda ni lazima amfanyie jambo moja gumu, na kwa watu kama mimi na Bi Salma lilikuwepo moja tu lililo gumu.

Mwezi uliopita mwanangu wa mwisho alinipigia simu. Ana mimba ya miezi mitano, halali, tumbo linamuwaka, daktari kasema hali ni nzuri. Nikaamka alfajiri nikakata kivumbasi, nikanunua papai, nikaingia tuktuk. Kijana akaniuliza, "Mama, wapi?" Nikamwonyesha kwa kidole. Akaniuliza bei tuelewane vipi, nikamwonyesha kwa vidole. Akaniangalia kwenye kioo. "Mama, leo umenuna?"

Na kijana huyo, mjue, nilikuwa na habari nzito sana za mama mkwe wake.

Nikabana jani langu, nikatazama barabara.